Ijumaa hadi Ijumaa: namna ya kuwanyima mbu maji mtaani kwenu

Mara ya kwanza tulipofanya usafi wa kupambana na mbu mtaani kwetu, bondeni mwa Chake Chake, tulipiga picha nyingi kuliko mashimo tuliyoziba. Fulana zilikuwepo, mafagio mapya yalikuwepo, soda zilikuwepo. Tukafyeka majani, tukachoma taka, tukapeana mikono. Wiki mbili baadaye mbu walikuwa wale wale, na mama mmoja akaniuliza kama siku ile tuliwafagia au tuliwakaribisha.

Kosa letu lilikuwa la hesabu. Kwa joto letu la Pemba, yai la mbu huchukua siku saba hadi kumi hivi kuwa mbu anayeruka. Ukisafisha leo ukarudi baada ya miezi mitatu, umewaachia wazaliane vizazi kwa vizazi kwa raha zao. Ukirudi kila siku ya saba, unawakuta bado wamo majini, na mbu aliye majini hana pa kukimbilia. Na yale majani tuliyofyeka kwa jasho jingi, mbu hazai humo. Hujificha tu kupumzika. Anazaa majini, basi.

Kwa hiyo ninachoeleza hapa ni kazi ya nusu saa kwa kila nyumba, kila Ijumaa asubuhi, mwaka mzima. Ijumaa tuliichagua sisi kwa sababu ndiyo siku ambayo uwanja hufagiwa na vyombo huoshwa hata bila ya mtu kuambiwa. Nyinyi chagueni yenu, mradi iwe ile ile.

Kwanza jueni mnatafuta maji gani

Watu wakisikia "maji yaliyotuama" huangalia dimbwi la barabarani. Dimbwi limo, lakini mbu wetu hawana ladha moja.

Yupo yule mweusi mwenye pete nyeupe miguuni, anayekuuma mchana ukiwa umekaa barazani. Huyu anataka maji safi yaliyotulia ndani ya chombo: pipa, ndoo, dumu lililokatwa, kifuu, mpira mbovu wa gari. Ndiye anayeeneza chikungunya na homa ya dengue, ambayo wengi tunaiita kidingapopo. Jina hilo ni la kwetu la zamani. Homa ya kuvunja viungo ilipoenea Unguja mwaka 1870, daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliiandika kwa jina alilolisikia kwa wenyeji, "kidinga pepo", na wapo wanaoamini kuwa hata neno dengue limetoka hapo.

Yupo wa pili, wa rangi ya kahawia, yule anayekuimbia sikioni usiku wa manane. Yeye mapenzi yake ni maji machafu: karo la maji ya choo lililopasuka, choo cha shimo chenye maji, mtaro uliojaa maji ya kufulia. Huyu ndiye aliyewapa wazee wetu matende na mabusha. Dawa za kumeza zilizoanza kugawiwa Zanzibar nzima mwaka 2001 zimepunguza sana maradhi hayo, lakini mbu mwenyewe yupo pale pale karoni.

Wa tatu ndiye wa malaria. Akitua ukutani huinua mkia juu, na mara nyingi huuma usiku. Anapenda maji yanayopigwa na jua, hata yakiwa kidogo kama ya alama ya kwato ya ng'ombe: madimbwi, mabonde ya mpunga, mashimo ya mchanga. Yupo hata ndugu yake anayestahamili maji ya chumvi chumvi ya pembezoni mwa mikoko. Tangu mwaka 2006, vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumbani, pamoja na dawa mseto, vimeishusha malaria Zanzibar mpaka vijana wengi wa leo hawajui kutetemeka kwa homa. Ndiyo maana wengine hulifanya chandarua uzio wa bustani ya mchicha.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kamati nyingi hutumia nguvu zote kwenye dimbwi moja kubwa linaloonekana, na huku kila ua una mapipa manne yanayofuga mbu wa mchana.

Hatua ya kwanza: sheha, kisha wanawake

Anzeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu. Msimpelekee barua tu, mfuateni mueleze. Akiwaelewa atawatangazia, na mtu akija kuuliza nyinyi ni nani mnaopekua mapipa ya watu, jibu liko kwake. Mwambieni na mtu wa afya wa kituo chenu, maana mkikuta jambo lililowashinda yeye ndiye mlango wa kwenda wilayani. Imamu akikubali kusema maneno mawili baada ya sala ya Ijumaa, mmefika mbali.

Kisha jambo ambalo wanaume wa kamati yetu walichelewa kulielewa. Maji ya nyumba yako uani, na uani ni kwa wanawake. Kijana akibisha hodi na nyumbani hamna mwanamme, ataambiwa asubiri, na atasubiri mpaka jua lipande. Kila kikundi cha ukaguzi kiwe na wanawake wawili angalau, na wao ndio watangulie kuingia. Wanaume wabaki na kazi za nje: mitaro, mashimo, paa, mipira ya gari. Piga hodi mara tatu, subiri, kaa chini ukiambiwa ukae. Aliyekaribishwa hata chai kidogo huonyeshwa pipa la nyuma ya choo, lile ambalo mgeni mwenye haraka haonyeshwi.

Watu ishirini wanatosha kwa nyumba arubaini. Msizidi nyumba nne au tano kwa kila jozi, wasije wakachoka Ijumaa ya tatu.

Hatua ya pili: tembeeni na bakuli jeupe

Mzunguko wa kwanza msimwage wala msizibe kitu. Tembeeni muone tu. Chukueni karatasi mchore njia, nyumba, visima, mitaro, makaro, na kila mahali penye maji mpige alama.

Kifaa chenu ni bakuli jeupe la plastiki lililofungwa kwenye mpini wa ufagio. Rangi nyeupe ina sababu yake: viluwiluwi vya mbu ni vidogo na vya kijivu, kwenye kata ya kifuu huvioni. Sogea polepole, usitupe kivuli chako juu ya maji, maana vikiona kivuli vinazama. Zamisha ukingo wa bakuli kwa upande, maji yaingie yenyewe, kisha simama ulitulize. Hesabu mpaka ishirini.

Sasa angalia. Kama vidudu vimening'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji kama mtu anayepumua kwa mrija, hao ni wa kidingapopo au wa matende. Kama vimelala sambamba na uso wa maji kama vijiti vinavyoelea, hao ni wa malaria. Na ukiona vingine vya mviringo, vimejikunja kama alama ya mkato, vinapinduka pinduka ukivigusa, jua hivyo vimeshaacha kula, na baada ya siku mbili hivi vitaruka. Chombo hicho hakingoji Ijumaa.

Muite mwenye nyumba aone kwa macho yake. Nimeshahubiri sana katika mikutano, na hakuna maneno yangu yaliyofanya kazi kama bakuli lile chini ya pua ya mtu. Mzee mmoja alikataa katakata kwamba kwake kuna mbu, akaangalia, akanyamaza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na haya ndiyo ninayotilia udhu?"

Hatua ya tatu: vyombo vya maji

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo panapoleta ugomvi.

Tuliwahi kuingia kwa bibi mmoja ambaye mapipa yake matatu yote yalikuwa na viluwiluwi. Mwenzangu, kwa haraka zake, akasema, "Bibi, haya itabidi yamwagwe." Bibi akainuka kwenye mkeka.

"Mwanangu, bomba hapa linatoa saa nane ya usiku. Nimekesha na ndoo mpaka alfajiri. Leo unaniambia nimwage?"

"Samahani bibi," nikamwambia, "hatumwagi. Tuyachuje, tulisugue pipa, tuyarudishe, tulifunike."

Na ndivyo inavyotakiwa. Msimwambie mtu amwage maji aliyoyahangaikia. Chujeni kwa kitambaa kizito kilichokunjwa mara mbili kwenda kwenye chombo chengine safi, na viluwiluwi vilivyobaki kwenye kitambaa vimwagwe kwenye mchanga mkavu juani.

Kisha kusugua, na hapa naomba msikilize vizuri. Mbu wa kidingapopo hatagi mayai juu ya maji. Anayabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji. Ni madogo, meusi, kama unga wa mkaa, na yakikauka hayafi. Yanakaa miezi yakisubiri maji. Mwaka jana nilimwaga pipa langu la buluu, nikaliacha tupu juani karibu mwezi mzima nikijiona hodari. Nilipolijaza tena, siku ya tatu nikakuta viluwiluwi vinachezacheza. Nikayatoa maji, nikainamisha kichwa ndani ya pipa na kurunzi, nikauona ule mstari mweusi mwembamba umelizunguka pipa kama uzi wa wanja. Nilikuwa nimemwaga maji na kuyaacha mayai.

Kwa hiyo sugueni. Chukua usumba wa kumbi la nazi, sabuni na mchanga kidogo, anza juu ya mstari wa maji ushuke mpaka chini, pande zote. Maji ya kusuuzia yamwagwe kwenye ardhi kavu, si mtaroni. Pipa moja ni dakika tano. Vyombo vya kunyweshea kuku na mbuzi, na visahani vya chini ya vyungu vya maua, navyo ni hivyo hivyo kila Ijumaa.

Kisha funikeni. Kawa linazuia nzi, halizuii mbu, na kipande cha bati kilichopinda kinawafanyia mbu kivuli tu. Kanga kuukuu isiyo na tundu ni nzuri, ikatwe kubwa kuliko mdomo wa pipa na ifungwe kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Vuta mpaka ikaze. Ikilegea katikati, mvua ikinyesha inafanya kidimbwi juu ya kanga, na mbu anazaa juu ya kifuniko chenyewe! Hili nimeliona kwa macho yangu. Kwenye simtanki angalieni kifuniko kama kimepasuka, na bomba la kumwagia maji yanayozidi lifungwe wavu wa madirisha. Walio na mlizamu wa kukinga maji ya mvua wapande wauzibue majani, kwani mlizamu ulioziba ni pipa refu lililotundikwa juu.

Vinavyobaki ni vile visivyo na mwenyewe. Mafuu ya madafu nyuma ya muuzaji: kila moja lipasuliwe vipande viwili na lifudikizwe, au likaukie kuni. Vifuu vya nazi vilivyokunwa viingie jikoni visizagae. Mipira mibovu ya gari ni balaa, hata ukiisimamisha inabaki na maji ndani ya mkunjo, kwa hiyo itobolewe chini matundu manne au ijazwe mchanga. Madau na ngalawa zilizopandishwa pwani kungoja kukalafatiwa zing'olewe nguruzi ili maji ya mvua yatoke, au zifudikizwe. Kwenye nyumba zinazojengwa kuna pipa la fundi na msingi uliojaa maji. Fundi ataondoka, nyumba itasimama miaka mitano ikingoja pesa za Oman au za karafuu, na pipa litakuwepo.

Kuna watu watakaowaambia mkate migomba kwa kuwa makwapa ya majani yake yana maji. Msikate mgomba wa mtu. Mbu wanaopatikana humo ni wachache, na ugomvi mtakaoupata utawafungia milango ya mapipa.

Visima vya zamani visivyotumika na mahodhi yasiyonywewa yanaweza kutiwa perege wadogo, nao hula viluwiluwi kwa furaha. Lakini kisima kinachonywewa kifunikwe, kisitiwe chochote.

Hatua ya nne: makaro na vyoo

Kazi hii haipendwi na mtu, kwa hiyo ifanyeni mara moja ifanyike vizuri. Zungukeni makaro yote jioni karibu na magharibi, simameni kimya upande wa upepo. Karo lenye ufa utaliona mbu wakitoka kama moshi mwembamba. Nyufa za mfuniko zizibwe kwa saruji na mchanga. Bomba la hewa lifungwe wavu wenye matundu yasiyozidi milimita moja na nusu, ukazwe kwa waya, na uwe ukibadilishwa ukishaoza. Choo cha shimo kiwe na kifuniko cha mbao chenye mpini, kikae kila wakati.

Kwa vyoo vya shimo vyenye maji ndani, kisa cha kuigwa kiko Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Makunduchi, vyoo vya aina hiyo vilimwagiwa chembe nyeupe nyepesi, zile za jamii ya boksi linalowekewa televisheni mpya. Zinaelea na kufanya tabaka juu ya maji, mbu hapati pa kutaga na kiluwiluwi hapati pa kupumulia. Pamoja na dawa za kumeza kwa wananchi, mbu wa usiku na vijidudu vya matende vilipungua mno, na tabaka lile lilidumu kwa muda mrefu bila ya kuongezwa. Mkitaka kufanya hivyo, unene wa sentimita moja au mbili unatosha. Ila msitie kwenye choo kinachofurika masika: chembe zitatoka, zitaishia pwani, na samaki watazila. Bondeni kwetu vyoo vingi hufurika, kwa hiyo sisi tumebaki na saruji na wavu.

Hatua ya tano: madimbwi na mitaro

Sasa vijana wachukue majembe, pauro na toroli. Kazi hii ianze mwezi wa Februari, kabla ya masika, na irudiwe kabla ya vuli. Mkianza Aprili mtakuwa mnachimba tope.

Dimbwi dogo lizibeni kwa vifusi vya nyumba zilizobomolewa, mawe chini na udongo juu, mshindilie mpaka juu ya usawa wa ardhi, kwa sababu litashuka. Msizibe kwa taka. Taka huoza, hushuka, na baada ya mvua mbili mna dimbwi lile lile pamoja na vikopo mia. Wala msichimbe udongo wa kuzibia kutoka uwanja wa jirani. Kijiji kimoja tulichotembelea walikuwa wameziba dimbwi zuri kabisa, na hatua ishirini kutoka hapo kuna dimbwi jipya, la ukubwa ule ule, walikotoa udongo.

Dimbwi kubwa halizibiki, linatolewa maji. Kosa la kawaida la mitaro ya kujitolea ni kuchimba kwa jicho. Jicho linadanganya, hasa kwenye vilima vyetu. Mwombeni fundi wa nyumba mpira wake mwembamba wa maji, ule anaopimia usawa wa kuta. Mtu mmoja ashike ncha hii, mwengine ile, maji ndani ya mpira yakisimama mnajua wapi juu na wapi chini. Mtaro ushuke sentimita moja kwa kila mita angalau. Mkimaliza kipande mwageni ndoo moja ya maji juu, myafuate. Yakisimama mahali, chimbeni hapo. Na kabla hamjachimba jembe la kwanza, jueni maji yanaishia wapi. Mtaro unaoishia uani kwa mtu ni kesi kwa sheha.

Maji ya kukogea na kufulia yasiyo na pa kwenda yachimbiwe shimo la kunyonyea: mita moja kila upande, lijazwe mawe makubwa chini, kokoto juu, kisha mchanga. Kule kwenye mawe ya matumbawe maji hunywewa haraka sana, kwa hiyo shimo liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi. Kwetu kwenye udongo wa mfinyanzi shimo hilo hujaa na kukaa, na bora kuyatumia maji hayo kumwagilia migomba kwa zamu, leo mmoja kesho mwengine, yasikae mahali pamoja.

Kuna waliokuja mtaani kwetu kufukia mabomba, wakaondoka na kutuachia mashimo kumi na moja. Tuliandika, tukapiga simu, tukaambiwa tusubiri. Hatukusubiri. Mkikutana na jambo kama hili, andikeni barua muweke nakala kwa sheha, halafu zibeni wenyewe wiki hiyo hiyo. Madai yaendelee huku shimo limeshafukiwa.

Mabonde ya mpunga na dawa

Bonde la mpunga si kazi ya kamati ya mtaa. Mwaka 2019 mabonde ya Cheju, Unguja, yalijaribiwa kunyunyiziwa kwa droni kimiminika kinachotanda juu ya maji, na hiyo ni kazi ya wataalamu. Nyinyi walio kando ya bonde hakikisheni vyandarua havina matundu, na zungumzeni na wenye mashamba wafukie mashimo waliyoyachimba pembezoni mwa matuta, yale yanayobaki na maji baada ya mavuno.

Dawa ya kuua viluwiluwi ipo, ikiwemo ile ya bakteria inayotengenezwa Kibaha katika kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Haidhuru watu wala samaki, lakini kipimo na mahali pa kuitia waulizwe watu wa afya wa wilaya, nayo hurudiwa mara kwa mara. Msimwage oili chafu wala dizeli. Najua wazee walifanya, na mimi nililelewa nikiona. Ardhi ya visiwa hivi inavuja, kinachomwagwa dimbwini leo kesho kiko kisimani.

Na gari la kupulizia moshi wa dawa likipita, furahini kidogo tu. Moshi unaua mbu wanaoruka jioni ile, wale waliomo kwenye pipa lako hawausikii hata harufu. Lilipita kwetu mara moja, watoto wakalikimbilia, tukalala vizuri siku tatu.

Daftari, na nyumba zilizofungwa

Kila Ijumaa andikeni mambo mawili tu: nyumba ngapi mmeingia, ngapi mmekuta viluwiluwi. Tuseme mmeingia 40 mkakuta 12. Hiyo ni asilimia 30, mbaya. Baada ya wiki nane ikiwa 4, mko njiani. Msiandike "tumehamasisha wananchi 200", hiyo haimpunguzi mbu hata mmoja. Namba za kila nyumba zisisomwe hadharani. Soma jumla ya mtaa kwenye mkutano, na mwenye viluwiluwi mfuate kwake, faragha. Aliyeaibishwa mbele ya watu hafungui mlango Ijumaa ijayo.

Watoto wa madrasa ni wakaguzi wazuri kuliko sisi. Wapewe kazi moja: kila mmoja anapokwenda chuoni Ijumaa afudikize vifuu na vikopo kumi njiani.

Utaona namba inashuka, kisha inagoma. Kwetu iligoma kwenye tatu. Tulizunguka wiki mbili bila kujua sababu, mpaka mtoto mmoja akapanda mwembe na kutuambia nyuma ya ukuta wa nyumba iliyofungwa kuna birika la kuogelea la zamani, limejaa majani. Mwenye nyumba yuko Maskati, hajarudi tangu harusi ya bintiye. Kwa nyumba za namna hii msiruke ukuta. Muulizeni sheha nani ana ufunguo, na kama hayupo, mpigieni simu mwenyewe mbele ya sheha. Sisi tulimpigia saa mbili usiku kwa saa za kwetu. Akacheka, akasema birika hilo alikogea akiwa mdogo, akatuma ufunguo kwa shemeji yake wa Wete. Jumaamosi tulilitoa maji kwa ndoo, watu tisa, kuanzia saa moja mpaka adhana ya adhuhuri, tukatoboa tundu chini kwa tindo ili lisijae tena.